Dang'a ya Jumapili ya Matawi

Kijiji cha Kalenga,
Iringa.
22 Mei 1977

Mdogo wangu Crispin,

Kamwene. Hujambo huko Chunya kwenye vumbi na tumbaku? Kifua chako kinasemaje? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto, ambalo huuma siku za kulima na kupona siku za kunywa ulanzi. Shemeji yako Tekla ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Binti yangu Benedicta amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kama cha babu yetu. Tumshukuru Mungu hakurithi na yale mapua.

Barua zangu tatu hukuzijibu, wala sikulaumu. Ila hii ya nne nakuomba usiisokotee tumbaku kabla hujaimaliza. Shida yangu naitaja mapema ili usije ukadhani naomba nguo: nataka urudi nyumbani. Nimezeeka vibaya, Crispin. Jioni nikikaa kibarazani nakuta nimeweka vigoda viwili. Tekla huuliza namngoja nani, nami husema cha pili ni cha goti.

Sasa habari. Sista amezaa! Ndiyo, ng'ombe wako huyo huyo uliyepewa na yule Mgiriki uliyemfanyia kazi shambani, alipofunga mizigo yake kurudi kwao, ukaja naye kwa miguu siku mbili kama bwana harusi. Jina la Sista nilimpa mimi kwa ajili ya yale mabaka yake meusi na meupe, na mpaka leo Padre akipita hapa tunamwita Ng'ombe tu. Amezaa Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, ndama jike, paji jeupe, miguu mirefu ya kijinga.

Alipoanza uchungu nilimtuma mtu akamwite bwana mifugo. Akaja binti! Anaitwa Atuganile, Mnyakyusa wa Tukuyu, kavaa mabuti ya mpira yanayomfika magotini. Nikamwambia tumeomba bwana mifugo, hatukuomba posa. Akanijibu kwamba hata angekuwa anatafuta mchumba asingeanza na mwenye goti bovu, nikamletee maji ya moto na sabuni. Tekla alicheka mpaka akakaa chini.

Binti yule anajua kazi. Ndama alipotoka alimfuta kamasi puani, akamsugua kwa majani makavu, akamwacha Sista amrambe. Kisha akatoa kichupa, akachovya kitovu kwenye dawa ya aidini. Nilipoiona ile dawa ya kahawia niligeuka nikatazama mlima. Akauliza kama naogopa. Nikasema moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Halafu akataka ndama anyonye dang'a pale pale, kabla hata hajasimama vizuri. Nikamweleza kwamba kwetu maziwa yale ya kwanza, yale mazito ya njano, hatumpi ndama. Yatamharisha. Hukamuliwa, yakapikwa, yakaliwa na wazee. Akaniambia basi nami nilale bandani kwenye majani, tuone kati yangu na ndama nani atatangulia kuota kiwele. Lakini baadaye akaacha utani. Akasema ndama huzaliwa hana kinga hata chembe, na kinga yake yote imo ndani ya dang'a, na aipate saa zile zile za mwanzo, maana kesho yake tumbo linakuwa limeshafunga mlango. Asiyeipata, uchafu kidogo tu unamwangusha. Ataanza kuhara siku ya tatu, macho yatazama ndani, na siku ya tano mtazika.

Siku ya tatu, siku ya tano. Crispin, siku hizo unazikumbuka.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kama aidini ya kitovu yaweza kuua ndama. Akanishangaa. Akasema tangu aanze kazi hajaona wala kusikia, ila ameona wengi waliokufa kwa kukosa hiyo aidini, na wengi zaidi kwa kukosa dang'a.

Tangu siku ile nafanya kila alichosema, na mengine ndiyo yale uliyokuwa ukisema wewe nikakuita Mgiriki mweusi. Namlaza peke yake, kwenye majani makavu, maana baridi ya mwezi huu unaijua. Ndoo yake haiguswi na mtu, naisugua mwenyewe. Maziwa yanafika yakiwa na joto lile lile la mama yake. Kupe nawatafuta masikioni kwa vidole kila asubuhi kwa kuogopa homa ya ndigana, mpaka Tekla anasema yeye hajapekuliwa hivyo tangu tuoane. Anaruka, mdogo wangu. Jana amenipiga teke kwenye goti lililo zima.

Sasa neno lenyewe.

Jumapili ya Matawi, mwaka juzi, Sista alizaa ndama wa kwanza alfajiri. Ulimpaka aidini kitovuni kama ulivyozoea kule kwa Mgiriki, ukaniagiza nihakikishe ananyonya dang'a, ukaenda kanisani na wengine. Mimi nilibaki kwa kisingizio cha goti. Crispin, sikumnyonyesha. Nilimfunga ndama pembeni, nikakamua dang'a yote, nikaibandika kwenye chungu. Uliporudi na tawi lako ukaniuliza, nikasema ameshiba, ndiyo maana amelala. Ndama nilimpa maji ya uji.

Usiniulize njaa gani. Tulikuwa na ugali. Ilikuwa ni kumtamani mama. Unakumbuka alivyokuwa akiipika polepole mpaka igande, akatukatia kwa kisu, mimi na wewe sufuria moja? Nilikuwa sijaionja tangu tumzike. Nilikula peke yangu nikilia kama mpumbavu, nikaosha chungu, nikakipanga mahali pake.

Ndama alipoharisha siku ya tatu na kufa siku ya tano, watu walikuja kuuliza, nami ndiye niliyesema ni dawa ya kizungu ya Crispin. Nilisema mara moja tu. Kijiji kikanisaidia kusema mara mia. Wakakuita Daktari Kaburi. Hukubishana na mtu. Uliniambia, mtunze Sista, kaka, mimi nimeua, kisha ukapanda lori. Nikakuacha upande. Sikujua kwamba kukosa dang'a ndiko kulikomuua, hilo amenijulisha Atuganile. Lakini kwamba nilikudanganya, na kwamba nilikutupia wewe, hilo nililijua tangu siku ile.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilisimama kilabuni, kabla sijaonja hata tone la ulanzi ili wasiseme ni pombe, nikawaeleza wote. Mzee Saulo aliuliza kama dang'a ile ilikuwa na chumvi. Sasa jina la Daktari Kaburi limekufa. Mimi ndiye ninayeitwa Ndama. Watoto wakiniona wanalia mbuu mpaka nifike nyumbani. Nimestahili, na wengine wanalia vizuri kuliko ndama mwenyewe.

Crispin, hukuua. Ulifanya sawasawa. Hilo ulijue hata usiporudi.

Shemeji yako anakusalimu sana. Tangu Jumamosi ananipakulia chakula bila kunitazama. Benedicta anakusalimu, anataka umwone mjukuu. Barua hii anakuletea Anania wa lori la mbolea. Atalala Chunya siku mbili, na nimemwomba akuachie nafasi mbele. Kama huwezi kupanda, mpe hata karatasi ya matusi. Nitayasoma kila jioni, maana yatakuwa kwa mwandiko wako.

Ni mimi kaka yako,
Kasian Kalinga