Jina Chini ya Wimbi

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako anakusalimu, goti lake lina nafuu. Picha imefika, ya sinia la fedha uliloliona makumbusho huko Ufaransa, lenye miungu ya Wagiriki, lililochongwa zamani kwa ajili ya mfalme. Unauliza kama niliwahi kuchonga hivyo.

Niliwahi. Nikiwa kijana Lubumbashi, tajiri mmoja aliagiza sinia la shaba, lenye mungu wa bahari mwenye sura ya tajiri mwenyewe. Chini ya wimbi nikachonga jina langu, kama mafundi wetu wote. Akaliona.

“Futa. Sinia ni langu.”

Nikalikwangua jina kwa tindo ileile niliyolichongea.

Hapa ugenini, mtaa wa Berea, nalinda lango la ghorofa. Wageni wote nawaandika majina daftarini. Mimi wananiita sekyuriti.

Rudi usome kibao kando ya sinia lile. Jina la mfalme najua lipo. Nitafutie la fundi.

Babu