Chupa ya Petroli Dirishani

Baba yangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa mezani, nyumbani kwangu Nsemulwa, na mbele yangu pale dirishani nimeweka chupa ya petroli. Usinicheke. Ni chupa ya soda, ya kioo, nimeiosha na kuikausha juani kama ulivyonifundisha, mdomo nimeufunga kwa nailoni. Wewe umekufa zamani, ila tabia zako zilibaki kwangu.

Unakumbuka kile kituo cha mafuta cha Majengo, masika yakianza? Kabla hujajaza tangi la pikapu ulikuwa unamtaka muuzaji akuwekee kidogo kwenye chupa, unaiweka juu ya boneti, halafu unaagiza chai. Nyuma yako watu wanapiga honi, wewe unapuliza chai. Ulikuwa unaniinamisha mpaka macho yangu yawe sawa na chupa. "Tazama chini, mama. Maji na petroli havikai pamoja. Tukiona mstari, tunaondoka." Uliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yako, na nilijiona mtu mkubwa sana. Mara mbili niliuona mstari, na mara zote mbili ulimwaga ile petroli, ukamtakia muuzaji siku njema, tukaenda kituo kingine.

Siku moja tu hukupima. Malaria ilikuwa imenipanda kichwani na ikabidi unipeleke Sumbawanga. Kituoni kulikuwa na pampu mbili, ya kawaida na ile ya bei waliyoiita super. Maisha yako yote ulikuwa mtu wa ya kawaida. Siku hiyo ukasema, "Leo nimebeba mtoto. Leo tunaweka ya juu." Homa yangu hiyo hiyo, nikakuuliza chupa iko wapi. Ukasema ya juu haipimwi. Ndivyo mji mzima ulivyoamini, na mpaka leo ndivyo unavyoamini, kwamba kitu cha bei hakiwezi kuwa na uchafu.

Pikapu ilikwenda vizuri mpaka tulipoipita Sitalike na kuingia hifadhini. Vioo tulikuwa tumefunga kwa ajili ya mbung'o. Ikakohoa, ikashtuka, ikazima. Ulifungua boneti, ukachomoa bomba la mafuta, ukalipuliza, ukatema maji, ukanusa mikono yako. Uliporudi dirishani sura yako ilikuwa imebadilika. Mimi nalia kiu na dumu letu lilikuwa limeisha. Wewe ndiye uliyekuwa unawasema madereva wanaoshuka na kutembea mle porini, unawaita wapumbavu. Lakini ukachukua dumu, ukanifunika koti lako. "Kaa ndani, mama. Usishuke, hata ukisikia nini. Narudi sasa hivi."

Lori la mchele lilinikuta jua likizama. Wewe askari wa hifadhi walikukuta kesho yake, upande wa darajani. Walisema nyati. Mama hakuuliza zaidi, na mimi mpaka leo sijauliza.

Sasa nikwambie ya leo.

Mume wangu hukumjua. Ni Baba Yustina, mtu wa mchele na mahindi, mcheshi, mbishi kidogo. Amenunua gari lake la kwanza. Kwa Wajapani ni la zamani, kwetu ni jipya, viti bado vina nailoni na anakataza mtu kuitoa. Analifuta asubuhi na jioni. Kuku wakilala chini yake anatoka nje na fimbo, mpaka majirani wamempa jina. Na leo asubuhi amempeleka Yustina, mzaliwa wetu wa kwanza, chuo cha uuguzi Sumbawanga. Nilikuwa nimefurahi, Baba. Nilimsuka nywele jana, nikamfungia karanga, nikaimba.

Tukapita kujaza mafuta. Pampu mbili. Kwenye ya kawaida bodaboda na bajaji wamejipanga mpaka barabarani, wanasukumana na kutaniana. Kwenye ya juu hapakuwa na mtu. Mpini wake ulikuwa na vumbi, na buibui amefunga uzi wake pale unapotundikwa. Chini, karibu na vifuniko vya matangi, maji ya mvua ya juzi yalikuwa bado yametuama.

"Weka ya kawaida, Baba Yustina," nikamwambia. "Ile inanunuliwa, haikai. Hii nyingine nani anaigusa hapa Mpanda?"

"Gari jipya unalinywesha mafuta ya bodaboda?" Akacheka. "Halafu leo nimebeba mtoto. Leo tunaweka ya juu."

Maneno yako yale yale. Sijawahi kumsimulia. Anajua ulifia hifadhini, hajui ulisema nini pale kwenye pampu. Nikaushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Mama Yustina, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, naomba waniwekee kwanza kwenye chupa. Nilikuwa nimeibeba kwenye kikapu, maana nilijua nakwenda wapi. Binti wa pampu akacheka. "Mama, hii haichakachuliwi," akasema, "wanachakachua zile za bei rahisi." Alinijazia ili niridhike. Lakini kungoja itulie, nani angoje? Chuo kinapokea wanafunzi mwisho leo. Tangi likajazwa mpaka juu, mume wangu anatabasamu kama bwana harusi.

Nilipata nafasi ya kumshika Yustina mkono dirishani. "Gari likizima mle ndani, usishuke. Unanisikia? Usishuke."

"Sawa mama. Nyie wazee mna mambo." Akafunga kioo, akanipungia kwa ndani.

Nikarudi na bajaji, chupa nimeipakata. Nilipoiweka hapa dirishani petroli ilikuwa na ukungu mwepesi. Nikajiambia ni kwa sababu imetikiswa njiani. Nikachukua kalamu, kwa kuwa hapa hakuna mwingine wa kumwambia bila kuniambia nina mdomo wa mikosi.

Na kwa kuwa nimeanza, nikwambie na hili. Nina hasira na wewe. Watu wanalia baba zao, mimi nakulilia na kukukasirikia kwa pamoja. Ningeweza kuvumilia kiu. Ile homa niliitoka, kiu ningeitoka. Ulishuka kwa sababu ulinipenda, na mapenzi hayo nimeyabeba tangu utoto bila kujua niyaweke wapi. Nikipita lile daraja nafumba macho, hata nikiwa kwenye basi na watu wanapiga soga.

Nimeinua macho sasa hivi. Ukungu umetulia. Petroli imekuwa safi, inang'aa, na chini yake kuna mstari.

Nimeigeuza chupa juu chini. Mstari umeshuka upya, taratibu, ukakaa mahali pake, unene wa kidole changu kidogo. Nimeinama mpaka macho yangu yakawa sawa nao, kama zamani.

Nimempigia Baba Yustina, hapatikani. Nimempigia Yustina, hapatikani. Sitalike wameshapita, na mle ndani mtandao hakuna. Nimeita bodaboda, namsikia amefika, anapiga honi nje. Nakwenda getini Sitalike niwaambie askari watangulie na gari lao. Kama yapo magari yaliyopita nyuma yao, sijui. Kama hawajazimikiwa bado, sijui.

Yustina hatashuka, nimemwambia. Ninayemwogopea ni baba yake. Leo kuna joto, na maji waliyobeba ni chupa moja ndogo. Mwanawe akisema ana kiu, yule mtu atafungua mlango. Atakachomwambia kabla ya kuufunga nakijua neno kwa neno.

Kama huko mliko mnaruhusiwa kusimama njiani, nenda kasimame pale darajani, Baba. Ukimwona mwanamume anakuja kwa miguu na dumu mkononi, mrudishe garini. Mimi niko njiani.

Ni mimi,
mwanao uliyemwambia akae ndani