Pazia Nyuma ya Dereva

Ilala, Dar es Salaam
14 Septemba

Kwako Dada Candida,

Shikamoo dada yangu. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ile baridi ya Sumbawanga haijakurudishia kikohozi cha mwaka jana. Sisi huku tupo na jua letu. Wanao wa huku kwangu wanakusalimu, yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, na tangu hapo anamchekea kila apitaye ili yaonekane mapengo. Mama anaendelea vizuri kiasi chake. Anakunywa uji, anatembea kutoka chumbani mpaka kwenye benchi la uani, na kliniki ya figo tunaenda kila baada ya wiki mbili. Anakusalimu sana, ingawa hajui yote ninayokuandikia.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ziko. Nimekupigia mara tatu, dada. Kila ukipokea na kusema "Ehe, Stella," maneno yananikimbia, nabaki kukuuliza habari za mvua kama mtu wa redio. Basi leo nimefungua duka hapa Kariakoo, nimefunika cherehani, nimemwambia jirani anitazamie wateja wa mapazia, nami nimekaa nyuma ya majora ya vitambaa naandika. Ukisoma kwenye karatasi hutaweza kunikatiza, nami sitaweza kukata simu.

Siku ile Mama alipolazwa uliniuliza mzee anakaukaje mwilini ndani ya gari lenye tangi la maji na choo. Sikukujibu. Ukaomba uongee na Shukuru, ukamwambia amemtesa mama yetu kwa gari lake la maonyesho, amemwendesha kwenye joto kama mzigo wa nazi, na kwamba mwanamume mwenye akili angesimama. Shukuru aliweka simu sikioni akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuomba radhi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye benchi la hospitali, nikanyamaza kimya. Ndiyo sababu ya barua hii. Mume wangu ameomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Nianze mwanzo, maana mengine huyajui. Mwezi wa sita Mama Mkubwa Hyasinta alituma salamu kutoka Masasi kwamba miguu imevimba na pumzi haimtoshi, na kwamba anataka kumwona mdogo wake kabla hajafumba macho. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Tangu siku hiyo Mama akawa hana neno lingine. Tatizo ni zile dawa zake za presha, zinampeleka chooni kila nusu saa, na mabasi ya kusini husimama kuchimba dawa pale anapotaka dereva. Mwaka juzi tulijaribu. Tuliishia Kibiti, Mama amelowa, abiria wanageuza nyuso, tukashuka na kurudi Dar. Alilia njia nzima kwa sauti ndogo, na akaapa hatapanda basi la safari tena.

Shukuru ndiye aliyesema tununue gari dogo la familia, lenye mahali pa kulala na choo ndani. Kama unavyojua anauza vipuri pale Gerezani, magari ndiyo maisha yake, lakini wazo lile hakulitoa kwa tamaa ya magari. Alisema mama mkwe lazima afike kwa dada yake bila kuaibika. Nakuomba uikumbuke sentensi hiyo.

Tulitafuta karibu miezi miwili. La kwanza lilikuwa na jiko, meza na kabati, nyumba kamili, lakini lilipojaribu kuingia mtaani kwetu lilikwama kwenye kona, likang'oa mwavuli wa muuza chipsi, na watoto wote wa Ilala wakaja kulisukuma kinyumenyume. La pili lilikuwa na hema juu ya paa na ngazi ya kupandia. Nilimuuliza Shukuru ni nani atakayemsukuma Mama kwenye ngazi, yeye au mimi, tukacheka mpaka muuzaji akanuna. Choo chake kilikuwa ndoo yenye mfuniko.

Mwisho tukabaki na mawili, yote kwa Fundi Ridhiwani, yule mwenye gereji hapahapa Ilala anayezivua Hiace viti na kuzifunga vitanda. La kwanza lilikuwa jeupe, kuukuu. Choo chake kilikuwa nyuma kabisa, kimezibwa kwa ukuta wa mbao, na mtu anaingia kwa nje kupitia milango ya nyuma. Bafu halikuwepo, kitanda chembamba, viti vimechanika, na mimi mwenyewe nilisema kwa sauti kwamba linafanana na gari la kubebea maiti. La pili lilikuwa la bluu. Dada, lilikuwa zuri! Kitanda kinakunjuka wanalala watu watatu, watoto wana chao juu, kuna bomba la kuogea, sinki na kioo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ila choo chake kilikuwa mbele, mgongoni mwa kiti cha dereva, kwa sababu ya mahali lilipo tangi. Ridhiwani alitueleza waziwazi kwamba mlango hauwezi kukaa pale, nafasi haitoshi, labda pazia.

Nani wa kuambiwa habari za pazia kama si mimi? Nilimjibu kwamba hilo aniachie.

Tulimpeleka Mama ayaone yote mawili. Aliyazunguka polepole na fimbo yake, akachungulia lile jeupe kwa nyuma, akaingia kwenye la bluu akaketi kitandani. Akauliza nani ataendesha. Shukuru akasema kwa furaha kwamba ni yeye mwenyewe, mama, nani mwingine. Mama akasema gari ni zuri, Mungu ambariki, kisha akaomba ateremshwe. Tukachukua la bluu. Nilishona pazia zito, mikunjo miwili, la rangi ileile ya gari.

Tuliondoka Jumamosi adhuhuri baada ya kufunga maduka. Watoto walikuwa kama wako harusini; walikunywa maji makusudi ili wapate kwenda kwenye choo cha gari, na kila mmoja akitoka anatangaza alichofanya. Mama alikaa kitandani ameshika rozari. Nilimpa maji, akasema baadaye. Nilimpa machungwa, akawamenyea watoto. Tukalala Ikwiriri ndani ya gari. Asubuhi Jumapili chai yake aliimwaga dirishani nilipogeuka, akidhani sikumwona, na vidonge vyake akavifunga kwenye ncha ya kitenge. Tulipofika Nangurukuru Shukuru alishuka kununua korosho, mimi nikashuka kupiga picha za gari. Ile picha niliyoirusha kwenye kundi la familia, ukaniandikia hongera mdogo wangu, itazame tena. Mama anaonekana dirishani, midomo imekauka mpaka imechanika. Nilipiga picha tano nikachagua hiyo, na nilichokuwa naangalia ni rangi ya gari.

Si mbali baada ya hapo mtoto akasema Bibi hajibu. Tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui. Daktari alisema amekaa zaidi ya siku nzima bila maji, kwenye joto, na figo zimeumia. Jumanne mchana, Mama akiwa na dripu mkononi, ikaja habari kwamba Mama Mkubwa amefariki. Kutoka pale mpaka Masasi ilibaki mwendo wa saa chache tu. Alizikwa Jumatano. Wewe ulibanwa na kusimamia mitihani shuleni kwako, mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha Mama, na aliyekwenda kutupa udongo kwa niaba yetu ni Shukuru, mkwe.

Mama alipopata fahamu na kuulizwa, alimwambia daktari kwamba hakusikia kiu. Wewe pia alikwambia hivyo kwenye simu, na Shukuru hivyohivyo. Uzee, alisema, mtu anasahau kunywa.

Si kweli, Candida. Mama hakusahau, na mimi nilijua.

Unamjua Mama na mkwe wake. Miaka sita yuko chumba cha uani kwetu, na Shukuru hajawahi kumwona akitafuna. Sahani yake huingia ndani na mlango unafungwa. Asubuhi haendi chooni mpaka asikie geti limegonga na Shukuru kaenda kazini, na Jumapili akiwepo nyumbani hujisingizia kwenda kumsalimia jirani. Hivyo ndivyo bibi yetu alivyoishi na baba, na Mama hakuiacha heshima hiyo Masasi alipopanda basi kuja mjini.

Siku ile tulipotoka kwa Ridhiwani, Shukuru alibaki gereji, mimi nikaja na Mama hapa dukani. Aliketi palepale nilipoketi sasa. Akaniambia, mwanangu, choo kile kiko shingoni kwa mkwe wangu, atanisikia. Nikamwambia nitashona pazia zito. Akasema pazia halizibi masikio. Akaomba tuchukue lile jeupe, yeye hakuhitaji kioo wala bafu. Nikasema lile ni bovu. Akaomba basi dereva awe mtu baki, yeyote tu wa kukodi, na Shukuru atangulie kwa basi. Nikasema Shukuru ataumia. Akanishika mkono akasema nitafute njia yoyote, ila nisimtajie Shukuru sababu, kwa kuwa akishaijua hatamtazama usoni tena kama zamani. Alikuwa akiniomba, dada, mama mzima.

Nami nilicheka. Nilimwambia hayo ni mambo ya kizamani, kwamba mjini wakwe wanakaa sebule moja na wanatazama televisheni pamoja, na kwamba haja ikishambana atakitumia tu. Jioni Shukuru akaniuliza Mama ameonaje. Nikamwambia amelipenda la bluu kuliko lile jingine. Alifanya uamuzi kwa moyo safi juu ya uongo wangu.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile, na jibu ni dogo mpaka linatia aibu. Nilitaka kuingia Masasi na gari la bluu, mume wangu kwenye usukani, watoto madirishani, wale waliosema Stella ameolewa na muuza vyuma chakavu waone. Sikutaka kushuka mbele yao kutoka kwenye lile jeupe, na sikutaka dereva wa kukodi akae mahali pa mume wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu lililovunjika si langu. Hata njiani nilikuwa na nafasi. Pale Nangurukuru ningeweza kumtuma Shukuru sokoni nusu saa nzima akatafute hata chumvi, Mama akapata faragha yake na kikombe cha maji. Nilimwona chai anaimwaga. Nilivimba moyoni nikasema ni ukaidi wa wazee, atalegea.

Kwa hiyo hasira yako na ihame. Mpigie Shukuru, umwambie lolote la wema, lakini usimwambie sababu. Mama bado ameikataza, na hilo angalau nimtii. Shukuru anadhani kosa ni kiyoyozi cha gari. Kila jioni anakifungua, anakitazama, anakifunga. Amebandika tangazo la kuliuza gari na akiulizwa na wateja anasema lina mkosi. Namsikia, napeleka chakula mezani, nimefunga mdomo.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Ningeona nafuu angenitukana. Nilimwangukia miguuni hospitalini, akaniambia niinuke, wauguzi wanaona.

Juzi aliniita uani akaniambia nikufikishie ombi lake, nami nalifikisha kama alivyolisema. Shule zikifungwa Desemba anataka kwenda kwenye kaburi la dada yake. Anataka mwende kwa vibasi vya vituo vifupi, mlale Kibiti, mlale Somanga, hata kama ni siku tano, kwa kuwa haraka ilikuwa ya kumkuta akiwa hai na kaburi halihami. Akibanwa mtashuka, mwingie vichakani, wewe utamsitiri kwa kanga. Nilimwambia nami nitafunga duka nije, tumshikie kanga wawili, huku na huku. Akanifuta unga wa chapati uliokuwa shavuni, akasema hapana, mwanangu, Candida anatosha.

Naomba uje, dada. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu akulinde huko milimani. Nikipata jibu lako nitashukuru, na usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Stella