Shikamoo ya Pampu

Mhunze, Kishapu
Jumapili, baada ya misa

Kwako Mama Noela,

Mwangaluka. Shikamoo yako nahesabu nimeipokea, maana wewe na kuandika hampatani. Hapa tu wazima, isipokuwa goti langu, na hilo halikuanza leo. Noela bado anakohoa? Mpake mafuta kifuani, usimvalishe sweta la mtumba ukadhani umemtibu. Barua hii anakuletea Masudi, mnunuzi wa pamba anayepita Masumbwe. Mpe chai, asirudi kunitangaza kwamba mke wa mwanangu ni mchoyo.

Sasa sikiliza. Ile pampu ya sola ya kisimani, aliyoifunga marehemu mume wako na kisanduku chake chenye laini ya simu, haijatulia tangu tumzike. Unakumbuka Deusdedit alivyokuwa akiiongoza kutoka machimboni Rwamgasa: anafungua ukurasa wake wa mtandao, anabonyeza, huku maji yanatoka. Na saa sita mchana alikuwa anaiwasha kidogo, anazima, anawasha tena kidogo. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Mimi naitikia marahaba mbele ya bomba, majirani wanacheka.

Duara, lile shimo la dhahabu, lilipomfukia, nikadhani na pampu imekwisha. Wapi! Mvua ikinyesha, inapumzika. Jua likiwa kali, inaongeza maji. Na saa sita mchana: kidogo, zima, kidogo. Ng'ombe wakainua vichwa. Niliitika. Mwanangu aniamkie ninyamaze? Wanawake wakaacha kuchota pale, wakasema ni mizimu. Shemeji yako Boaz akachinja mbuzi mweupe. Nyama tukala, pampu ikaendelea kusalimia.

Ndipo Boaz akamleta fundi Eustace kutoka Shinyanga mjini. Fundi akasema ratiba aliyoiacha marehemu imefutwa. Kuna mtu anaingia kwa namba ya siri ya Deusdedit, anaona tenki limefika wapi, anawasha na kuzima mwenyewe siku kwa siku. Akauliza abadilishe namba, mtu huyo afungiwe nje? Boaz akajibu hata sasa hivi. Nikawaambia wakae chini, kisima ni changu.

Nikaanza kuichunguza. Kila Ijumaa pampu inajaza tenki mpaka linamwagika kabla jua halijazama, halafu kimya, Jumamosi yote, kama iliyofungwa kamba. Deusdedit alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Hakushika Sabato hata moja, na sijasikia kaburini kuna mchungaji wa Kisabato. Msabato katika nyumba hii alikuwa mmoja, na ni wewe, Dorah.

Nilipojua, nilimzika mwanangu mara ya pili. Uliondoka kabla matanga hayajaanuliwa, hukuniaga, ukikimbia maneno ya Boaz ya kukurithi. Boaz nimemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba mke si koti la marehemu, akainamisha kichwa mpaka leo. Na wewe shikamoo zako unanitumia kwa bomba, kana kwamba huna miguu! Ng'ombe wangu unawanywesha toka Masumbwe, mimi mwenyewe hutaki kunitazama usoni. Namba ya siri haibadilishwi. Fundi nimempa uji, nikamwambia safari njema. Mlete mjukuu wangu nyumbani.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini jana, Jumamosi, saa sita mchana, wewe ukiwa kanisani, bomba lilitoa maji kidogo, likazima, likatoa tena kidogo. Pale kisimani hapakuwa na mtu ila mimi. Niliitika. Kama ni wewe uliyevunja Sabato yako kwa ajili yangu, njoo uniambie kwa mdomo, mchungaji wako hatasikia kwangu. Kama hukuvunja, basi njoo upesi zaidi. Sitaki kuitika peke yangu.

Noela mwambie bibi anamwekea maziwa ya mgando. Mkae salama njiani.

Mimi mama mkwe wako,
Scolastika, Mama Deusdedit