Nakuja Yangu Imeota Mvi

Brno, mwanzoni mwa baridi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla Tatu anayekusomea hajamaliza kulitamka neno lenyewe, kwa hiyo naendelea. Kifua chako kinasemaje? Na lile goti, bado linakutabiria mvua, au limechoka kazi hiyo? Huku nilipo napenda kujua kama vuli imefika Mlali kweli, au ni ukungu tu unashuka mlimani, unatazama mahindi, kisha unarudi ulikotoka bila kuacha kitu. Mimi nipo. Binti yangu Rehema hajambo, na mumewe hajambo. Wanakusalimia sana, na yule mkwe wako Mcheki sasa anaweza kusema "shikamoo" bila kuiuma.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara nimesikia kuku wako nyuma yake wakitaka kujibu kabla yangu. Nimeona nikujibu kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu mtandao hukata maneno yangu katikati, na jibu hili halifai kukatwa. Rafiki yake Rehema anakwenda Dar, kisha Morogoro, naye ameahidi kuikabidhi barua hii kwa Tatu pale Msamvu, kwenye genge lake la chakula. Tatu, mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole. Ukifika mahali utakapotaka kuruka, usiruke.

Dada, ulisema hivi, nami nayarudia maneno yako ili ujue niliyasikia: "Athumani, mdogo wangu, hii nakuja yako imeota mvi. Wazee wa lukolo wamekuja hapa, wamekaa, wamekunywa chai, wamekula mihogo, ndipo wakauliza habari ya kiwanja chako. Nikawaambia bado hajaja. Mzee Kibwana akacheka, akasema, 'Mama, huyo hajaja tangu Tatu hajazaliwa.' Sasa sitaki nakuja. Niambie utakuja kuishi kwako, au hutakuja. Kama unakuja, tutakifyeka na kukungojea. Kama huji, Tatu ajenge, maana chumba chake cha kupanga pale Msamvu kinamvujia yeye na wanawe." Na kwa mbali nikamsikia Tatu: "Mama, muache mjomba."

Nimekuelewa. Kiwanja ni cha lukolo, ukoo wetu wa mama, na Tatu ni mtoto wa ukoo huo kama mimi. Rehema si wa ukoo huo, analijua jambo hilo wala hana kinyongo. Wazee wangeweza kukitoa bila kuniuliza. Lakini mtu hanyang'anywi mahali pake akiwa hai, na kwetu mjomba asiposema, msingi hauchimbwi. Kwa hiyo mmeningoja mimi nitoe neno moja, na neno lenyewe ni la wakati ujao.

Utacheka, lakini swali lako lilinikuta nikiwa mwanafunzi. Tangu Rehema aliponichukua Lusaka, baada ya kumzika mama yake, nimekuwa nikiishi humu kwa Kicheki cha kuokoteza: mkate, asante, baridi, samahani. Mtu aliyekula mkate wake miaka yote kwa kusahihisha maandishi ya wengine katika kiwanda cha uchapaji kule Lusaka anaona aibu kuongea kama mtoto anayeota meno. Basi nikajiandikisha katika darasa la wageni, juu ya maktaba ya mtaa. Mwalimu wetu ni Bi Alena, mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Majira haya anatufundisha wakati ujao.

Sisi, dada, tuna "-ta-" yetu moja. Nitalima, nitapika, nitakuja. Unaichomeka na mambo yamekwisha. Wacheki hawana starehe hiyo. Kwao vitenzi vingi huzaliwa pacha. Pacha mmoja ni wa kazi inayoendelea, mwingine ni wa kazi inayofika mwisho. Chukua kupika. Wakisema *budu vařit*, maana yake nitakuwa jikoni, moto utawaka, sufuria itakuwa juu ya mafiga. Kama chakula kitaiva, Mungu anajua. Wakisema *uvařím*, neno moja tu, maana yake nitapika na kitaiva na mtakula. Hilo *budu* ndilo "nitakuwa" yao, nalo hukaa na pacha wa kwanza peke yake. Mimi nililibandika kwa yule wa pili, nikaandika *budu uvařit*. Bi Alena akaniinamia mezani.

"Umeweka kifuniko juu ya kifuniko," akasema.

"Nilitaka iwe na uhakika zaidi."

"Uhakika umo ndani yake tayari. Kitenzi kizima hakina leo, bwana. Kazi iliyo nzima haiwezi kuwa nusu sasa hivi. Ukikipa umbo la leo, chenyewe kinaruka kwenda kesho."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa yai ashike. Kitenzi kizima hakina leo. Nikasema moyoni: mbona sisi tunacho hicho? Si ndiyo "nakuja" yetu? Umbo ni la leo, maana ni ya kesho. Nikafurahi kwamba nimepata mlango wa kuingilia lugha ya watu. Mlango wenyewe ulinigonga kichwani.

Nina jirani hapa, Bwana Karel, mzee mwenzangu, zamani alikuwa dereva wa tramu. Alasiri tunakaa kwenye benchi la uani tukicheza drafti. Siku moja nikahisi baridi, nikainuka, na kama mtu aliyelelewa vizuri nikamuaga kwa lugha yake: *Přijdu.* Nilidhani nimesema "nakuja", kama unavyomwambia mtu ukiondoka kwake na wote wawili mnajua kwamba leo hamwonani tena. Nikapanda juu, nikanywa chai, nikalala. Kesho yake nikamkuta amefunga shingo kwa skafu mbili.

"Nimekaa hapa mpaka kunguru wakaniuliza shida yangu," akasema.

"Ulikuwa unamngoja nani?"

"Wewe. Ulisema utakuja."

"Nilikuwa naaga, Karel. Kwetu tunaaga hivyo."

"Kwenu mtu akiondoka anasema anakuja?"

"Ndiyo. Ni adabu."

"Na akija anasemaje? Kwaheri?"

"Anasema hodi."

"Mungu awasaidie," akasema, akapanga kete. Lakini hakucheka, dada, na vidole vyake vilikuwa vyekundu. Kwao *přijdu* ni yule pacha wa pili. Ni nitakuja-na-kufika. Ukilisema, mwenzako anabaki kwenye benchi.

Nikakufikiria wewe. Pale kwetu hakuna anayekaa barazani kwa sababu mtu kasema nakuja, kila mtu anaendelea na kuni zake. Nilijiambia hivyo miaka yote. Lakini kiwanja kile juu ya mfereji hakikulimwa na mwingine, na migomba yangu imepaliwa, na anayepalia ni mwanamke mwenye goti bovu. Kumbe wewe peke yako ulikuwa unanisikiliza kwa Kicheki.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Unajua kwamba figo zangu zimechoka. Sikukuambia zimechoka kiasi gani, kwa sababu na mimi sikuwa najua. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakwenda hospitali, nalazwa kwenye kiti kirefu, mashine inatoa damu yangu, inaisafisha, inanirudishia. Haiumi sana. Naingia na kitabu. Mwanzoni kabisa, daktari alinieleza mambo mengi ambayo Rehema aliyatafsiri huku macho yake yapo dirishani, kisha mwishoni akanigeukia mimi mwenyewe, akasema taratibu ili nielewe: *Budete k nám chodit.* Nilijua *budete*, mtakuwa, kwa heshima. Nilijua *chodit*, kutembea. Nikamshika mkono nikamshukuru, maana niliona amenibashiria kwamba nitatembea, nitapata nguvu. Nikatoka pale nikiwa nimeanza kuhesabu mizigo, nikidhani mashine ni ya muda tu. Ndipo nikakwambia mwaka ule kwa simu, nakuja mvua zikiisha.

Tulipofika somo la vitenzi vya mwendo, Bi Alena alisema hapa mtu lazima aamue kabla ya kufungua mdomo. Ukija kwa miguu ni *přijdu*, ukija kwa gari ni *přijedu*, ukija kwa ndege ni *přiletím*. Huwezi kusema utakuja bila kusema utafikaje. Hayo yote, akasema, ni ya safari moja inayofika. Na *chodit* je? nikauliza, nikamwandikia sentensi ya daktari ubaoni, bila kusema ni ya nani.

Akaisoma. "Hii si ya kutembea," akasema. "Hii ni kuja na kurudi, kuja na kurudi. Mtakuwa mkija kwetu."

"Mpaka lini?"

"Sentensi haisemi. Hicho ndicho kitenzi kisicho na mwisho. Kama mwisho ungekuwapo, msemaji angeutaja." Kisha akaona uso wangu, akaichukua ile chaki, akaiweka, akaichukua tena. "Nani aliyekuambia haya, bwana?"

Nikamwambia. Mama mmoja wa Kiukraine aliyekaa karibu nami akanisogezea biskuti zake. Na jioni nikamuuliza Rehema kama ndivyo, naye akasema, "Ndivyo, baba. Nilijua hukuelewa. Nikasema nikuache ufurahi kidogo." Sikumlaumu. Hata mimi ningetafsiri vibaya kwa makusudi.

Nimeuliza pia kama mashine hizo zipo huko kwetu. Zipo, lakini si Mlali, na daktari hapendi safari ndefu kwa moyo wangu. Rehema analia nikilitaja jambo hilo. Ningeweza kukuandikia kwamba tutaona, kwamba Mungu ni mkubwa, kwamba mwakani. Yote ni maneno mazuri. Lakini nimekuwa mtu wa kusahihisha maandishi, na kosa nikishaliona siwezi kulipita.

Kiswahili kina wakati mmoja ambao Wacheki hawana. Nilijaribu kumfafanulia Bi Alena nikashindwa. Ni ile "-ja-" yetu: hajafika, hajalala, hajaja. Haisemi kwamba jambo halipo. Inasema halipo, ila mlango uko wazi. Wao wanalazimika kuongeza neno la "bado" pembeni. Sisi tumelishonea ndani ya kitenzi. Ukimuuliza mtu mzima kama ameoa, hasemi hapana, anasema sijaoa, hata kama meno yamekwisha. Ni tabia nzuri ya lugha yetu, nami nimeishi ndani yake kama mpangaji. Umewaambia wazee "hajaja", na kwa neno hilo umenishikia mahali kuliko mhuri wowote. Ahsante, dada. Sasa nakuomba uliache.

Wazee wakirudi, uwape chai, uwape mihogo, kisha uwaambie: Athumani hatakuja. Usiseme haji, maana "haji" huenda ni ya leo tu. Sema hatakuja. Mzee Kibwana akicheka, muache acheke, ana haki yake.

Tatu, hapa ndipo nilipokwambia usiruke. Najua umeshika karatasi na mama yako anakutazama mdomo. Soma kwa sauti ya kawaida, maana hili si neno la barua, ni neno la mjomba, na linatakiwa lisikike na mtu wa pili: Jenga. Jenga pale juu ya mfereji, nyumba itazame barabara inayopanda kutoka Mlali, ili wanao waone nani anakuja kabla hajabisha hodi. Migomba iliyo nyuma usiing'oe yote, inazuia udongo wakati wa masika. Na usijenge chumba cha mjomba. Ukikijenga, mama yako atakifagia.

Bi Alena alitupa zoezi la kuandika sentensi moja ya wakati ujao iliyo ya kweli. Wenzangu waliandika kuhusu kazi na nyumba. Mimi nilijaribu *přiletím*, nikaifuta. Mwishoni nikaandika kwa Kicheki kitu ambacho kwetu kingekuwa hivi: *Mpwa wangu atajenga nyumba.* Nikachagua yule pacha wa pili, wa kazi inayofika mwisho, na wala sikuweka "nitakuwa" mbele yake. Akaipitia kwa kalamu yake nyekundu, akairudisha haina alama.

Nisalimie wazee wa ukoo wetu, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie shemeji yako wa bondeni, fundi matofali, umwambie kazi imemjia. Wasalimie wajukuu, watoto wa Tatu, waambie wana babu ambaye kila siku ya mashine anasoma kitabu. Bwana Karel amesema nikuandikie kwamba dada wa mtu anayeaga hivyo anastahili benchi lenye mto. Wewe mwenyewe nakuangukia miguuni, dada, shikamoo tena, na goti hilo sasa lipumzike na upaliliaji wangu.

Ukiulizwa habari zangu, jibu lipo, na ni la leo: yupo.

Mdogo wako,
Athumani