Msiba wa Mama Herman

Kishapu, 9 Agosti 1953

Mwanangu Herman,

Pokea salamu zangu. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko mgodini? Mimi mwili ni mzima, ila siku nzima hupita sijazungumza na mtu. Nina lori, nyumba ya bati na zizi lililojaa, lakini hakuna jirani anayepiga hodi. Sababu unaijua. Jirani yetu Jilala alipozikwa mimi nilikuwa mnadani, nikatuma fedha badala ya kwenda kushika jembe. Kijiji kikanitenga. Mama yako alipofariki mwaka jana, akazikwa na vibarua wangu wa pamba, wakidai ujira hapo hapo kaburini.

Njoo tuhamie Mwanza. Huko hakuna anayetujua.

Baba yako,
Maduhu

Geita, 23 Agosti 1953

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Nakujibu kwa hofu, maana sijawahi kukupinga. Hata hapa ofisini bwana mkubwa akikohoa tu, mimi husimama. Lakini Mwanza siendi. Habari za mama zilinifikia ameshazikwa. Tukihama, kaburi lake tunamwachia nani?

Nakuomba uende kwa Bujiku, nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, uombe kurudishwa. Usitume mtu. Lori liache nyumbani.

Unisamehe.

Mwanao,
Herman

Kishapu, 30 Agosti 1953

Herman,

Sikukusomesha ili unifundishe kuwapigia watoto magoti. Usiniandikie tena.

Maduhu

Geita, 13 Septemba 1953

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Umesema nisiandike, nami naandika. Nenda, Baba.

Mwanao,
Herman

Kishapu, 22 Novemba 1953

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ila viganja vimechubuka.

Nilikwenda. Vijana wakaniacha juani mpaka walipomaliza kula, ndipo Bujiku akasema, "Loo, Mzee wa Lori! Leo petroli imekwisha?" Wakacheka sana. Nikabaki nimesimama. Faini yangu ni fahali wa kuchinjiwa kijiji, na kaburi litakalofuata nianze kulichimba mimi.

Juzi akafariki Bibi Tabu, ambaye hakuwa hata na mbuzi. Nikachimba. Vijana wakanitania: "Mzee, unazika au unapanda pamba?" Baadaye Bujiku akaninyang'anya jembe: "Tupishe, babu, tusije tukachimba mawili." Nikainua macho, nikauona umati uliokuja kwa bibi yule asiye na kitu. Nikamkumbuka mama yako. Hilo siwezi kulirekebisha, mwanangu.

Wanawake wamekubali kuja kumlilia mama yako Jumamosi, tarehe 12 Desemba. Lakini mjane wa Jilala amesema hawataanza mpaka mtoto wa marehemu awepo. Nikamwambia una kazi. Akanijibu, "Hata wewe siku ile ulikuwa na kazi."

Baba yako

Geita, 2 Desemba 1953

Shikamoo Baba,

Viganja vipake samli.

Nimeomba ruhusa. Bwana mkubwa amekataa, anasema ni mwisho wa mwaka, na nikiondoka nisirudi. Sanduku nimeshalifunga.

Waambie akina mama wanisubiri.

Mwanao,
Herman