Goti la Mama na Pesa za Benki

Jumatano, Mambrui

Wiki nzima, kwa simu kutoka kazini Kilifi, nimemweleza Mama hasara. Pesa alizofungia benki muda wake waisha mwezi ujao. Akizitoa sasa, faida yote ya mwaka imekwenda. Anaitikia kila neno, kisha anasema anazitoa.

Kisa? Ameumwa na goti, na hakuna mtu wa benki aliyekwenda kumjulia hali.

"Mtu ana amana yangu, mimi niko kitandani, hata salamu haleti? Hao si watu."

Nikampigia karani wa benki pale Malindi kwa siri, na kwa aibu zangu zote nikamwomba amuulize Mama habari za goti tukifika.

Leo nikaja, nikampeleka benki. Karani, kijana wa watu, akasimama kabla hatujaketi. "Shikamoo, Mama. Goti la kulia laendeleaje?" Akamvutia kiti, akamletea maji. Mama akatengeneza mtandio, akamuulizia wazazi wake, akamwombea dua. Habari ya kutoa pesa haikutajwa tena.

Nilitoka pale najiona bingwa.

Tuktuk ilipokaribia nyumbani, Mama akanigeukia.

"Yule kijana umemfundisha vizuri. Pesa nimeziacha, usihangaike. Lakini goti linaloniuma ni la kushoto."

Halafu, akitazama nje: "Na wewe pia hukuja kuniuliza."

Nilikuwa nikimwambia kazini hawatoi ruhusa. Kwa ajili ya benki, niliiomba mara moja tu, nikapewa.